Tulimlisha mgombea wa bodi ya shule, swali la binti yangu likabaki kwenye bahasha

Wakuu, heshima kwenu wote, mlio nyumbani na mlio ughaibuni.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu jambo lenyewe bado halijaisha na linaninyima raha. Nitaeleza nilichokiona na nilichokifanya mwenyewe, pamoja na sehemu zinazonifedhehesha. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Majina ya watu nimeyabadilisha, na wagombea sitawataja.

Naishi Woodbridge, Virginia, kusini kidogo mwa Washington. Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya joto na ubaridi kwenye majengo, mara nyingi upande wa Manassas. Shule niliishia kidato cha pili. Yaliyobaki niliyapata kwenye vitabu vya kuazima, ufundi wenyewe ukiwemo. Sisemi hivyo kwa kujisifu, mtaona mbele kwa nini inahusika.

Mke wangu anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee huko Annandale. Anatoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Tuna mtoto mmoja, Zawadi, miaka tisa.

Zawadi alikuwa hasomi.

Anaongea vizuri, anahesabu, anachora, na ukimsimulia kitu leo atakurudishia chote mwezi ujao. Ila maandishi yalikuwa hayatulii machoni pake. Shuleni walimpima wakatuambia ni tatizo la usomaji, watoto wengi wanalo, na halihusiani na akili. Wakampa nafasi kwenye darasa dogo. Watoto sita, mwalimu mmoja aliyesomea kazi hiyo, kila siku, palepale kwenye shule yake.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, alinisomea maandishi ya kwenye boksi la maziwa. Neno kwa neno, kidole kikitangulia. Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi la gari.

Sasa sehemu ya aibu. Katika jumuiya yetu ya waongeao Kiswahili (Watanzania, Wakenya, Wakongo), mimi ndiye watu humletea barua zao za serikali awasomee. Wananiita Fundi, lakini wengine kwa utani wananiita Profesa. Mtu wa namna hiyo kuwa na mtoto asiyesoma... Sikumwambia yeyote. Mke wangu nilimwambia tusubiri kwanza.

Kwa mlio mbali: hapa wilaya ya shule inaongozwa na bodi, na wajumbe wake wanapigiwa kura na wananchi kwa maeneo. Hao ndio wanaopitisha bajeti na kuamua darasa gani libaki, lipi lifungwe. Karatasi ya kura haionyeshi chama cha mgombea wa bodi. Kwa hiyo ni lazima ujue mtu anasimamia nini, la sivyo unachagua jina tu.

Eneo letu lilikuwa na wagombea wawili. Nikanunua daftari, nikapiga mistari kwa rula, safu mbili. Nikasoma kila walichoandika na kutazama kila video niliyoipata. Ilinichukua karibu wiki sita, mapumziko ya mchana na Jumapili.

Mgombea wa kwanza ni mfanyabiashara, mtu wa watu. Anataka simu zitoke madarasani, wazazi waone vitabu vinavyofundishwa, na karakana za ufundi zirudi sekondari. Hilo la karakana lilinigusa mimi binafsi. Nikampa alama nyingi.

Kisha ukurasa wa mwisho wa mpango wake nikakuta sentensi moja, kwamba huduma ndogondogo zilizotawanyika zitakusanywa mahali pamoja ili kubana matumizi.

Niliisoma mara tatu. Nikatafuta video ambamo aliulizwa ana maana gani. Akasema madarasa madogo ya usomaji yatafungwa kwenye shule moja moja, kitabaki kituo kimoja upande wa pili wa kaunti, na watoto wengine watasaidiwa na walimu wao wa kawaida. Usafiri hakuutaja. Mtoto wa kwanza kufika kituoni atapata, wa mwisho je? Hakusema.

Mgombea wa pili ni mwalimu mstaafu, mama mkavu kidogo. Alisema madarasa madogo yabaki yalipo. Lakini alitaka shule za msingi zianze saa nzima baadaye kuliko sasa. Kwangu hilo ni balaa, maana mimi ndiye ninayempeleka Zawadi kabla ya kwenda Manassas, na mama yake ameshaondoka zamani. Pia fedha za hayo yote zitatoka wapi, hakufafanua.

Kwa hiyo hakuna aliyekuwa malaika. Ila kwenye daftari nilizungushia duara kitu kimoja tu: darasa la Zawadi. Mengine ningeyavumilia.

Kamati ya jumuiya ikaamua tuwaalike wote wawili, siku tofauti. Barua niliandika mimi.

Mgombea wa kwanza alijibu siku hiyohiyo kwamba anapenda sana chakula cha Afrika na atafurahi kuja.

Yule mama akajibu baada ya siku mbili. Nilisoma jibu lake mbele ya kamati nikilitafsiri: "Nitakuja. Naomba nipewe saa nzima ya maswali. Chakula si lazima, tafadhali msijisumbue."



Mama Ilunga, Mkongo, ndiye mkuu wa mapishi wetu. Alivua miwani. "Chakula si lazima? Anafikiri tutamupa sumu?"

"Huyo anakuja kutusalimia ama kutufanyia inspection?" akasema Baba Shiru, Mkenya, ambaye ndiye MC wetu wa shughuli zote. "Saa nzima ya maswali, kwani sisi ni polisi?"

Mwenyekiti wetu, mzee wa Tanga mwenye heshima zake, akafunga mjadala. "Huyu mama ana dharau. Tumwache na maswali yake."

Nilijua wamekosea. Mtu anayeomba kuulizwa ndiye hasa niliyekuwa namtafuta. Lakini sikutaka kuonekana namtetea mgeni dhidi ya wazee wangu. Barua ya kumwambia ratiba yetu imejaa, niliiandika mimi pia. Kwa mkono huuhuu.

Jumamosi ya mgombea wa kwanza ikafika. Ukumbi ulijaa. Pilau, chapati, pondu (kisamvu cha Wakongo), sambusa, kuku wa kukaanga. Watoto waliimba. Mgeni rasmi akavalishwa shati la kitenge, likamkaa vizuri kabisa, akasema "Asante sana", akina mama wakapiga vigelegele mpaka dari likasikia.

Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili na bahasha. Ndani nilikuwa nimeandika swali moja, kwa Kiingereza safi, nimelirudia mara nyingi: mtoto aliye kwenye darasa dogo la usomaji leo, ukishinda, mwakani atasomea wapi na nani atampeleka?

Sikuweka jina la mtoto. Niliandika "mtoto".

Mgeni akaongea kama dakika kumi na tano. Simu, vitabu, karakana. Kisha, wakuu, naomba mlishike hili, akasema mwenyewe: "Nimekuja kuwasikiliza. Kuna mwenye swali?"

Nikasimama nusu.

Baba Shiru akawahi kipaza sauti. "Mgeni wetu ametoka mbali, na hajaonja kitu! Jameni, si tumwache mtu ale kwanza? Maswali tutaandika tumtumie."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwenyekiti aliyekuwa karibu yangu akanivuta koti taratibu. "Kaa, Fundi. Mgeni hahojiwi na sahani mbele yake."

Nikakaa.

Niliahidi ukweli, basi huu hapa. Nilipokaa, moyo ulitulia. Nilishukuru. Kwa sababu kama ningeuliza, mtu angeniuliza: wewe darasa hilo linakuhusu nini? Adabu ya wageni ilinipa mahali pa kujificha.

Hakuna aliyemtumia swali lolote baadaye. Hata mimi.

Baada ya wiki tatu hivi, tukakuta kipeperushi kwenye sanduku la barua. Picha kubwa ya mgombea akiwa na shati letu la kitenge, sisi tumemzunguka. Wa tatu kutoka kushoto ni mimi, natabasamu, bahasha mkononi.

Chini ya picha yaliandikwa maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: wazazi wa jamii za wahamiaji wanaunga mkono mpango wangu wa shule.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mama Ilunga. "Papa Zawadi! Umeona? Tumetoka bien! Hata kitambaa changu kinaonekana!"

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado na sare yake. Akakishika kile kipeperushi muda mrefu.

"Baba Zawadi, hapa wameandika tumekubali?"

"Ndiyo."

"Tumekubali darasa lifungwe?"

"Mpango wote. Na hilo limo."

"Nani kamwambia tumekubali?"

"Hakuna aliyemwambia."

"Na hii mkononi mwako ni nini?"

"Swali."

Akanitazama. "Swali lilikuwepo mpaka kwenye picha," akasema, akaenda kuoga.

Tangu siku hiyo usingizi wangu uliharibika. Sikuwa na uhakika kama ameongopa. Nililipima kila upande. Alikuja, akaeleza mpango wake, akauliza kama kuna swali, tukampigia makofi na kumvalisha. Kwa mtu aliyekulia hapa, hilo linaitwa nini? Huenda aliamini kwa moyo wake wote kwamba tumemkubalia.

Nikapeleka hoja kwenye kamati tuandike masahihisho.

"Boss," Baba Shiru akasema, "utaandika nini? 'Hatukukubali, tulikuwa tu tunatafuna'? Hiyo picha wewe mwenyewe umesmile kama bwana harusi."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana ni kweli.

Mwenyekiti hakucheka. "Fundi, tangu mwanzo unalizungukazunguka hilo darasa dogo. Si la watoto wenye matatizo? Sisi linatuhusu nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema nitalifikiria, nikaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nampeleka Zawadi maktaba. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiingereza, ndivyo tulivyo. Nikamwambia kuna mdahalo wa wagombea, nataka kusimama pale niongee kuhusu darasa lake.

"Are you gonna say my name?"

"Usipotaka sitalitaja."

"You can say it." Akaendelea kuchezea mkanda wa kiti. "Everybody knows, Dad. We have a T-shirt."

Kweli, wana fulana. Ya njano, ina jina la mwalimu wao. Nimeifua mara ngapi sijui, sikuwahi kufikiri kwamba anaivaa shuleni mbele ya kila mtu.

Kisha akauliza, "Wait. Is it a secret?"

Nilisema hapana. Nikawasha redio.

Mdahalo ulikuwa jioni ya siku ya kazi, wiki moja kabla ya kura, kwenye ukumbi wa shule. Kila mwananchi dakika mbili. Maelezo yangu nilikuwa nimeyapima kwa saa: dakika moja na sekunde hamsini. Foleni ya kipaza sauti ilikuwa na watu tisa, mimi wa saba. Nilikunja karatasi, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Nilisema hivi, kwa tafsiri:

"Mimi ni wa tatu kutoka kushoto kwenye picha yako."

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, akanipungia mkono.

"Hatukuunga mkono mpango wako. Tulikupa chakula. Kwetu hivyo ni vitu viwili tofauti, na kosa la kutokueleza ni letu. Binti yangu anaitwa Zawadi. Yuko kwenye darasa dogo la usomaji unalotaka kulihamisha. Mwaka jana hakuweza kusoma jina la mtaa wetu. Ukishinda, mwakani atasomea wapi, na nani atampeleka?"

Akasema hakuwa amesikia hilo kutoka kwa wazazi, na kwamba ataliangalia upya. Nililiandika jibu lake kwenye daftari kama alivyosema: ataliangalia. Hakusema ataliacha.

Yule mama mwalimu naye akajibu, ingawa hakuulizwa. Akasema yeye atapiga kura darasa libaki, lakini hawezi kuniahidi kwamba kura yake itatosha. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa halikunipunguzia hofu hata kidogo.

Mdahalo ulipoisha, mgombea wa kwanza alinifuata mpaka kwenye maegesho.

"Bwana, siku ile niliuliza kama kuna swali. Ulikuwepo. Kwa nini hukuuliza?"

Nikamweleza habari ya mgeni rasmi, kwamba kwetu hahojiwi na sahani mbele yake. Alisikiliza kwa makini kabisa.

"Mimi nilidhani mmefurahi," akasema.

"Tulifurahi."

"Basi sielewi."

Hakuwa ananikejeli. Angekuwa mtu mbaya ningelala. Nilikuwa na mtu wa kawaida asiyejua kitu ambacho nilikuwa nacho kwenye bahasha, hatua nne kutoka kwake.

Kesho yake Mwenyekiti akapiga simu. "Fundi, umemkaribisha mtu kwako, umemvika nguo, halafu unamsuta hadharani. Umetuvunjia heshima." Sikubishana. Nilimwambia tu kwamba Zawadi ni mwanangu na darasa ni lake. "Zawadi huyu huyu?" akauliza. Nikasema huyo huyo. Akasema, "Ungesema, bwana," akakata.

Jumapili ya wiki hiyo, habari za mdahalo zikiwa zimeshamfikia, Mama Ilunga alikuja nyumbani peke yake. Hakukaa sebuleni, alikuja moja kwa moja jikoni. Akatoa kwenye mkoba barua iliyokunjwa mpaka imechanika mikunjo.

"Papa, nisomee. Ni ya mutoto wangu. Niliogopa. Nilijua wanamufukuza."

Ilikuwa ya shule. Ina tarehe ya mwanzo wa muhula. Walikuwa wanaomba saini yake ili mwanawe apimwe usomaji, na ikibidi aingie darasa dogo. Ilikaa kwenye mkoba miezi miwili. Siku ile ya pilau, alipokuwa anapiga vigelegele kuliko wote, barua ilikuwa humo humo ndani.

Alisaini mezani petu. Mke wangu akamshika bega.

Kura zikapigwa. Mimi nilimchagua mwalimu. Wa kwanza akashinda, si kwa tofauti kubwa.

Basi hapo ndipo tulipo, wakuu. Bajeti inajadiliwa majira haya ya baridi na darasa la Zawadi limo kwenye orodha ya yanayopitiwa. Neno "yanayopitiwa" nimelitafuta kwenye nyaraka zao zote na sijapata lina maana gani hasa. Naamka nalo.

Wiki iliyopita mjumbe mpya ameniandikia. Anaomba kuja tena kwenye jumuiya, kabla bodi haijaamua.

Kamati ilibishana sana. Mwenyekiti alitaka chakula kitangulie kama kawaida. Mama Ilunga, mpishi mwenyewe, akasema safari hii sufuria hazifunguliwi mpaka watu wamalize kuuliza, na wa kwanza kuuliza atakuwa yeye. Baba Shiru akasema, "Mama, na Kiingereza chako?" Akajibiwa, "Nitauliza na luga yangu, wewe utatafsiri. Si unapenda kushika micro?" Ikapita hivyo. Mwenyekiti hakupiga kura, lakini amesema atakuja.

Nilichojifunza nakisema bila kupamba. Huku, mtu akikuuliza una swali na ukanyamaza kwa heshima, ukimya wako unahesabiwa. Unaandikwa kama ndiyo, unapigwa picha, unatumwa kwenye masanduku ya barua. Wala si lazima awepo mwongo. Na ile aibu niliyoibeba mwaka mzima nikidhani namfichia mtoto, ilikuwa yangu peke yangu. Yeye darasa lake alikuwa analivaa kifuani, kwenye fulana.

Walio na watoto kwenye madarasa ya aina hii, popote mlipo, andikeni hapa mlifanyaje yalipotaka kuondolewa. Anayeona taabu kuandika hadharani aje PM, namwelewa vizuri.

Na kwa waliowahi kumuuliza mgeni rasmi swali gumu mbele ya watu wao wenyewe: mlianza na sentensi gani? Kikao ni Jumamosi hii saa nane mchana. Mimi ni wa pili baada ya Mama Ilunga, na bado sijaipata sentensi hiyo.